Kansa ya titi inatembeaje mwilini?

Safari hii tunaongea juu ya kansa ya titi, ambayo wengi wetu tuliotoka upande wa Bukavu na Uvira tunaiita kansa ya ziwa. Usigeuze ukurasa kwa sababu wewe ni mwanaume, wala kwa sababu wewe bado kijana. Soma mpaka mwisho, kuna neno lako pia.

Mwaka jana, asubuhi moja kwenye bomba la maji, mama mmoja jirani yangu aliniita pembeni. Jina lake sitalitaja, lakini mwenyewe amenikubalia nieleze kisa chake ili kisaidie wengine. Akaniambia: "Mtoto wangu, titi langu la kushoto limekuwa gumu upande wa juu. Si kidonge. Ni kama nyama imekuwa nene tu. Haliumi." Nikamuuliza ameona hayo tangu lini. Akajibu: miezi minane.

Kumbe mwanzoni alikuwa amekwenda kwenye kituo kimoja, kabla ya kufika kambini, akapewa dawa za jipu. Akarudi tena, akapewa zile zile. Halafu akanyamaza. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba akikubali kuchomwa sindano na kukatwa kipande cha nyama, kansa itaamka na kutembea mwili mzima. Akaniuliza maswali mawili: "Huu ugonjwa unatembeaje kutoka kwenye titi mpaka kwenye mifupa? Na ni kweli kisu ndicho kinachouamsha?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba twende pamoja kituo cha afya, naye akakubali. Mimi nikaanza kuuliza wauguzi na madaktari, na kusoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

MWILI UNA GUNDI YAKE

Mwili wako umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Fikiria ukuta wa matofali. Tofali peke yake haliwi ukuta; lazima kuwe na udongo wa kuliunganisha na jirani yake. Seli nazo zina kitu cha kuziunganisha. Wataalamu wanakiita molekuli za kushikamana. Sisi hapa tuiite gundi ya seli.

Gundi hii haipakwi kwa nje kama udongo wa ukuta. Kila seli huitengeneza yenyewe na kuitoa kwenye ngozi yake kama mikono midogo, na mikono hiyo hushikana na mikono ya seli jirani. Iko mingi na ya aina mbalimbali. Mingine inashikanisha seli na seli, mingine inashikilia seli kwenye sakafu yake.

Aina inayojulikana sana kwenye titi inaitwa E-kadherini. Jamii hii ya gundi ilitambuliwa katika miaka ya 1970 na 1980 na mwanasayansi wa Japani, Masatoshi Takeichi, pamoja na wenzake. Waliona kwamba seli hushikana vizuri kukiwa na kalsiamu, na kalsiamu ikiondolewa zinaachana.

Seli nzuri haiondoki mahali pake. Seli ya titi hukaa kwenye titi, seli ya ini hukaa kwenye ini. Gundi ni moja ya mambo yanayoziweka mahali pake.

SELI IKIACHIA MKONO

Kansa huanza pale seli moja inapoharibika ndani na kuanza kuzaana bila mpango. Zikiendelea kuzaana mahali pamoja, zinafanya uvimbe. Uvimbe ule ukikaa pale pale, daktari wa upasuaji anaweza kuutoa wote. Hatari kubwa inaanza seli zinapoondoka, zinapoingia kwenye mishipa ya damu au mishipa ya limfu, na kwenda kuota kwenye tezi za kwapani, mifupa, mapafu, ini au ubongo. Kinachoua wagonjwa wengi wa kansa ya titi ni kule kusambaa, siyo ule uvimbe wa kwanza.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza la yule mama ni hili: ugonjwa unatembea kwa sababu baadhi ya seli zinaachia mkono wa jirani na kufuata njia za damu na limfu. Nyingi zinakufa njiani. Chache zinapata mahali pa kuota. Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alisoma habari za wanawake 735 waliokufa kwa kansa ya titi, akaona kwamba ugonjwa hauanguki mahali popote ovyo. Akaufananisha na mbegu: mbegu huenda pande zote, lakini huota tu kwenye udongo unaoifaa. Sisi wakulima tunalielewa hilo bila kusomeshwa sana.

Kuna kansa moja ya titi ambayo inaonyesha habari ya gundi waziwazi. Inaitwa kansa ya lobula, kwa sababu huanzia kwenye vitezi vinavyotengeneza maziwa. Inachukua kama asilimia 10 hadi 15 ya kansa zote za titi. Katika kansa hii, mara nyingi seli zimepoteza E-kadherini kabisa. Ukiziangalia kwa hadubini, hazikai kwenye fungu. Zinapita moja moja zimefuatana, kama watu kwenye mstari wa kupokea chakula.

Matokeo yake ni kwamba mara nyingi kansa hii haifanyi kidonge kigumu cha kushika kwa vidole. Inafanya sehemu ya titi kuwa nene au ngumu kidogo tu, na hata kwenye picha ya mamografi inaweza kujificha. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mama jirani yangu: "Si kidonge." Sisi wahamasishaji tumezoea kuwaambia watu watafute kidonge. Tulikuwa tunasema nusu ya jambo.

Kansa nyingine, iliyo ya kawaida zaidi, huanzia kwenye mifereji ya maziwa. Hiyo mara nyingi bado ina gundi, na hufanya uvimbe unaoshikika.

JE, GUNDI INAWEZA KUTABIRI MWISHO WA UGONJWA?

Hapo wanasayansi wameuliza swali zuri. Kama kupotea kwa gundi kunasaidia seli kuondoka, je, tukipima gundi kwenye kipande cha nyama, tunaweza kujua ni mgonjwa gani kansa yake itasambaa na nani atapona? Kipimo cha namna hiyo huitwa alama ya kutabiri mwelekeo wa ugonjwa. Si uaguzi. Ni kama mkulima anayeangalia mawingu juu ya Ziwa Kivu: hasemi kwa uhakika mvua itanyesha saa ngapi, lakini anajua wakati wa kuanua maharage.

Uchunguzi mwingi umefanywa duniani, na majibu hayakubaliani. Baadhi ya tafiti ziliona kwamba wagonjwa waliopungukiwa na E-kadherini walikuwa na hali mbaya zaidi. Nyingine hazikuona tofauti. Sababu zake zinaeleweka:

- Kansa ya lobula imekosa gundi, lakini mara nyingi inakua polepole na inasikia dawa za homoni. Kwa hiyo kukosa gundi peke yake si hukumu ya kifo.

- Seli za kansa hazitembei moja moja tu. Nyingine husafiri kwa mafungu, zimeshikana. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mafungu hayo, ingawa ni machache kwenye damu, yana nguvu zaidi ya kuotesha kansa mahali pengine kuliko seli iliyo peke yake.

- Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwa panya na kwenye maabara kwamba seli za kansa ya mifereji zikinyang'anywa E-kadherini zinaachana na kutawanyika kweli, lakini nyingi zinakufa. Gundi ile ile inayozizuia kutoka inazisaidia pia kuishi safarini.

- Kuna kansa ya titi yenye uvimbe wa moto, ambayo ni kali sana na inakwenda haraka, na yenyewe ina gundi nyingi. Seli zake hushikana kwa mafungu na kuziba mishipa ya limfu ya ngozi, titi zima likavimba na kuwa jekundu.

Unaona basi kwamba jambo hili si rahisi. Ndiyo maana mpaka leo madaktari hawatumii gundi peke yake kumwambia mgonjwa ataishi au hataishi. Wanatumia E-kadherini hasa kutambua kama kansa ni ya lobula au ya mifereji.

Kuna gundi nyingine, inaitwa EpCAM, iliyopata kazi tofauti. Watafiti walitengeneza sumaku ndogo sana zinazokamata EpCAM, ili kunasa seli za kansa zinazozunguka kwenye damu. Mwaka 2004 walitangaza matokeo ya wanawake 177 ambao kansa yao ilikuwa imekwisha kusambaa. Waliokutwa na seli 5 au zaidi katika mililita 7.5 za damu, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai, waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Kipimo kilitabiri vizuri. Lakini uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2014 ulijaribu kuwabadilishia dawa mapema wagonjwa ambao seli hizo hazikupungua baada ya kuanza matibabu, na hawakuishi zaidi. Kujua mbele si sawa na kuponya. Kipimo hicho ni cha gharama, na kukikosa hapa kwetu hakumnyimi mtu matibabu.

MAMBO AMBAYO DAKTARI ANAYAANGALIA KWELI

Mgonjwa wa kansa ya titi akifika hospitali kubwa, mambo haya ndiyo yanayoongoza matibabu:

1. Ukubwa wa uvimbe.
2. Kama tezi za kwapani zimeguswa, na ni ngapi.
3. Kama kansa imefika sehemu nyingine za mwili.
4. Jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini: zimeharibika kidogo au sana.
5. Vipokezi vya homoni. Kansa yenye vipokezi hivyo inatibika kwa vidonge kama tamoksifeni, vinavyomezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi.
6. HER2, alama nyingine kwenye seli, ambayo ina dawa zake.

Mambo matatu ya kwanza yanategemea sana jambo moja: umekuja lini. Vipokezi vyako huwezi kuvibadilisha, lakini siku ya kwenda kituo cha afya unaweza kuichagua wewe.

NA SINDANO, INAAMSHA KANSA?

Hili ndilo swali la pili la yule mama, na ndilo linalofanya watu wengi wafe wakiwa wamejificha. Jibu ni hapana. Seli ya kansa inaachia mkono kwa sababu ya uharibifu ulio ndani yake yenyewe. Haingojei sindano. Duniani wanawake wengi sana wamechukuliwa kipande cha titi kwa sindano, na wamefuatiliwa kwa miaka mingi. Haikuonekana kwamba sindano inafupisha maisha yao.

Kwa nini basi watu wanasema walimwona fulani akichomwa, na muda mfupi baadaye akafa? Kwa sababu wengi wanakubali sindano wakati ugonjwa umekwisha kusambaa. Sindano ilikuta seli zimekwisha ondoka zamani. Tunailaumu sindano, lakini muda ndio uliopotea.

Na bila kipande hicho daktari hawezi kujua ni kansa au si kansa, wala ni dawa gani itafaa. Kumbuka pia kwamba vidonge vingi vinavyoonekana kwenye titi si kansa. Watu wengi wanaopimwa wanarudi nyumbani na habari njema.

ISHARA ZA KUANGALIA

Njoo upimwe ukiona moja ya haya, hata kama haliumi:

- Kidonge kwenye titi au kwapani.
- Sehemu ya titi kuwa nene au ngumu kuliko upande wa pili, hata bila kidonge.
- Ngozi kuvutwa ndani, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.
- Chuchu kuingia ndani wakati haikuwa hivyo, au kutoa damu.
- Titi kubadilika ukubwa au umbo upande mmoja.
- Kidonda kwenye titi au chuchu kisichopona.
- Titi kuvimba na kuwa jekundu na moto.

Neno kwa akina mama wanaonyonyesha: titi kuwa jekundu na moto mara nyingi ni maambukizi ya kawaida, na dawa inasaidia. Lakini ukimaliza dawa ulizopewa na titi halijapona, rudi. Usikubali kupewa dawa ile ile mara ya tatu bila kuomba uchunguzi zaidi. Sema kwa heshima: "Dawa hizi nimekwisha tumia, sikupona. Naomba nipelekwe kupimwa." Kusema hivyo si ukorofi, ni haki yako.

NJIA YA MGONJWA KUTOKA HAPA RUSIZI

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya. Muuguzi atakupima kwa mikono. Akiona sababu, atakuandikia karatasi ya transferi kwenda hospitali ya wilaya. Hapa Rusizi tuna Gihundwe na Mibilizi. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kupelekwa mbali zaidi kwa ekografi, kuchukuliwa kipande na kutibiwa: hospitali kubwa za Huye na Kigali, au Butaro.

Butaro iko kaskazini, wilaya ya Burera. Kituo chake cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012 na serikali ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health. Mwanzoni vipande vya nyama vya wagonjwa vilikuwa vinatumwa mpaka Boston, Marekani, kusomwa huko, kabla maabara ya Butaro haijapata uwezo wake. Wagonjwa waliohitaji mionzi nao walilazimika kutoka nje ya nchi. Tangu mwaka 2019 mionzi inatolewa hapa hapa Rwanda, kwenye hospitali ya jeshi ya Kanombe, Kigali.

Safari kutoka Rusizi ni ndefu, na kwa mkimbizi kuna karatasi nyingi za kungojea. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 juu ya wagonjwa 144 wa kansa ya titi katika hospitali za Butaro na Rwinkwavu ulionyesha kwamba mgonjwa wa katikati alikuwa amekaa miezi 5 kabla ya kwenda kutafuta huduma, na baada ya kwenda ikapita miezi 5 kabla ya kujulikana ana nini. Shirika la Afya Duniani linashauri majibu yapatikane ndani ya siku 60. Ile miezi ya kwanza iko mikononi mwetu. Ile ya pili, sisi wahamasishaji tunaweza kusaidia kuifupisha: tukijua una transferi inayongoja, tunaweza kuifuatilia pamoja nawe.

UKIHAMISHWA KAMBI

Kambi yetu ni ya kupitia. Leo uko Rusizi, kesho jina lako linasomwa na unapanda basi kwenda Mahama. Kwa hiyo shika haya:

- Weka karatasi zote za hospitali pamoja, kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi za familia.
- Kama ulichukuliwa kipande na majibu hayajatoka, mjulishe muuguzi kabla ya siku ya safari. Andika jina la hospitali na tarehe.
- Kama ulianza matibabu ng'ambo, kwa mfano Bukavu, na una karatasi hata moja, ionyeshe. Hata kama imeandikwa kwa Kifaransa na imelowa mvua, inasomeka.
- Kama unameza vidonge, usiviache kwa sababu ya kuhama. Omba vya kukutosha njiani.
- Ukifika, nenda kituo cha afya wiki ya kwanza. Usingoje mpaka nyumba itulie.

NENO KWA WANAUME NA VIJANA

Baba, mara nyingi wewe ndiye unayeamua kama mama atasafiri kwenda hospitali, na nani atabaki na watoto. Usimkimbie mke wako kwa sababu ya titi. Kansa haiambukizi kwa kulala pamoja, kwa kula pamoja wala kwa kugusa, na haitokani na uchawi. Na wewe mwenyewe una titi dogo: katika wagonjwa 100 wa kansa hii, kama mmoja ni mwanaume.

Nanyi vijana, ulizeni habari za ukoo wenu. Mwaka 1998 huko New Zealand, watafiti walifuata familia moja ya Wamaori iliyokuwa imepoteza watu wengi kwa kansa ya tumbo. Waligundua kwamba familia ilikuwa inarithishana kasoro kwenye jini ya E-kadherini, ile gundi tuliyoisema. Baadaye ikajulikana kwamba wanawake wa familia za namna hiyo wana hatari kubwa pia ya kansa ya lobula ya titi. Kasoro hiyo ni nadra sana. Lakini kama bibi, mama au dada yako aliugua kansa ya titi akiwa bado kijana, mwambie muuguzi.

NA YULE MAMA?

Alikubali sindano. Majibu yakasema ni kansa ya lobula, yenye vipokezi vya homoni, na tezi chache za kwapani zilikuwa zimeguswa. Alipasuliwa, akapewa dawa kali, nywele zikatoka na zimeanza kuota tena. Sasa anameza kidonge kimoja kila jioni. Madaktari hawajamwambia kwamba amepona kabisa. Wamemwambia arudi kwa tarehe alizopewa, na hakosi.

Nilipomsomea makala hii kabla ya kuipeleka, aliniomba niongeze jambo moja: ile miezi minane hakuogopa kansa, aliogopa sindano. Na sindano yenyewe, anasema, aliisikia kidogo kuliko ile ya jino.

Ukiona dalili yoyote, au kama una transferi iliyokwama, njoo kituo cha afya au mwone mhamasishaji wa afya wa eneo lako. Ukipenda kuongea faragha, tuambie tu, tutatafuta mahali.